Ruthu Asilale Peke Yake

Area D, Dodoma
Alhamisi, 4 Julai 2024

Kwa Ruthu, mtani wangu,

Nimepoteza usingizi usiku wa Jumatatu na usiku wa Jumanne, tarehe moja na mbili mwezi huu, katika gesti ya Kibakwe, wewe ukiwa kitanda cha dirishani na mimi cha mlangoni. Asubuhi ya Jumatano nikapoteza magunia saba ya maharage. Nimeanza na hayo ili usije ukadhani nimekuandikia kukusalimia.

Simu yangu umeifungia. Nimejaribu kwa namba ya jirani, ukapokea vizuri, nilipotaja jina langu ukakata. Basi nampa barua hii Denis, kondakta wa kosta ya Kongwa, duka lako analijua. Karatasi haina kitufe cha kukatia.

Unanijua nilivyo kwenye hesabu. Nilianza na beseni la maandazi stendi, shule niliishia njiani, na leo hakuna mtu soko la Majengo anayeweza kunichezea debe. Katika biashara yetu wewe una gari na mimi nina kichwa, ndivyo tulivyogawana. Sasa Jumatano kichwa hakikuwepo. Mbele ya Castory na wakulima wenzake nilishindwa kugeuza debe kuwa gunia. Debe sita gunia moja, mtoto wa darasa la pili anajua. Mimi nikazidisha kwa tano, nikatamka bei kwa sauti kubwa, tena nikairudia. Castory akanitazama kama mtu aliyenifuma mkono ukiwa mfukoni mwake. Nilipojirekebisha alikuwa ameshanigeuzia mgongo. Hamidu wa Mpwapwa, mnunuzi mwingine aliyesimama pembeni anatafuna karanga, akapakia maharage yetu huku sisi tunaangalia. Tukarudi na gari tupu, wewe unaendesha.

Chanzo ni koo lako. Nimewahi kulala stendi mabasi yakipashwa moto alfajiri, nimelala nyumba iliyoungana ukuta na mashine ya kusaga. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Mhudumu wa gesti aligonga mlango kuuliza kama tumeingiza jenereta. Nilitia pamba masikioni, haikusaidia. Nikakulaza ubavu, ukarudi chali. Nikakuwekea begi langu mgongoni likuzuie, ukalisukuma mpaka chini na hukuamka. Mgogo akishiba mlenda hata mlima hauwezi kumgeuza.

Sasa kuna safari ya Kondoa, Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, alizeti ya Mwanahawa. Nasema mapema. Chumba tutachukua kimoja kama Kibakwe, vyumba viwili sitaki. Na gari ataendesha Ernest, kijana wa hapa mtaani mwenye leseni, nimeshaongea naye. Hilo la Ernest usinihoji. Nina sababu zangu.

Fungua simu.

Mtani wako mwenye macho mekundu,
Devota


Kongwa
Jumamosi, 6 Julai 2024

Mbukwa, Mhehe,

Barua yako Denis kaileta jana imekunjwa kama sambusa, na nusu ya kosta nadhani wameisoma, maana abiria mmoja alinisalimia kwa kucheka. Na mimi nakujibu kwa karatasi hivyohivyo. Simu sifungui.

Unadhani nimekufungia kwa sababu ya maharage? Maharage yatavunwa tena. Nimekufungia kwa sababu ya Jumatano asubuhi. Ngoja nikukumbushe, kwa kuwa kichwa hakikuwepo. Tumekaa kwa mama lishe, watu wa mnada wamejaa, chai iko mezani. Ukalala chali kwenye benchi. Ukakoroma kwa sauti yangu, ukanyamaza, ukatoa macho, ulimi nje, halafu ukainuka unawaambia watu, "Huyu mama amekufa usiku kucha. Amekufa mpaka nimechoka kumzika." Watu wakapiga meza kwa kucheka. Nami nikacheka, maana Mgogo na Mhehe ni watani na nikinuna naonekana sijui desturi. Nikakujibu inavyotakiwa, nikakudai sanda. Lakini Devota, mtani huigiza marehemu msibani, wenye kulia wakiwa wamelia, ili watu wapate kupumua. Mimi nilikuwa hai, nakunywa chai yangu. Siku nzima ile watu wa mnada wakiniona wanakoroma.

Halafu unaniandikia kwamba nimekunyima usingizi, na papo hapo unataka tulale tena chumba kimoja. Pombe yenu ya ulanzi mnaichachusha na nini?

Miaka kumi na tisa nimelala na marehemu Nathanaeli na hakuwahi kutamka kwamba nakoroma. Unamkumbuka, alikuwa si mtu wa maneno, anaweza kuziba pancha tatu za baiskeli bila kumwambia mteja zaidi ya karibu na asante. Alikuwa na kero moja tu kitandani. Mkono wake hautulii. Usiku kucha ananigusa mgongoni, ananigusa begani, naamka nusu, nalala tena. Nikimuuliza asubuhi anasema, "Nilikuwa naangalia kama upo." Nikimwambia ningekwenda wapi na mlango umefunga wewe, anacheka. Alikuwa na wasiwasi wa asili, yule baba. Tangu afariki mwaka jana nalala bila kuguswaguswa. Naamka kichwa kizito kama nimetoka kisimani na ndoo, lakini huo ni umri na ujane.

Kuhusu Ernest wako: gari ile, kirikuu, ni yangu. Niliinunua mwenyewe kwa kuuza mafuta ya alizeti chupa kwa chupa, na leseni ina picha yangu. Kama Denis amekuletea umbea wa pale Mbande, ukweli wake ni huu, gari ililamba majani kidogo tu, nikaamka, nikairudisha barabarani, hata tairi halikupasuka. Hakuna dereva asiyechoka na jua lile.

Kondoa nakwenda peke yangu. Chumba changu, kitanda changu, na mlango nitafunga kwa ndani kwa komeo. Wewe baki Dodoma ukalale.

Ruthu


Area D, Dodoma
Jumatatu, 8 Julai 2024

Dada Ruthu,

Utaona hapo juu sikuandika mtani. Kwa barua hii utani nimeuweka pembeni, na naomba uisome ukiwa umekaa, duka likiwa halina mteja.

Kelele zako hazikuninyima usingizi. Nilikwambia hivyo kwa sababu ndiyo maneno niliyoyaweza. Kelele nilizizoea mapema tu usiku wa Jumatatu, nikaanza kusinzia nazo, kama mtu anavyosinzia karibu na mashine. Kilichonitoa usingizini ni ukimya.

Ulinyamaza ghafla. Si kunyamaza kwa mtu aliyegeuka akalala vizuri. Sauti ilikatika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo, na baada yake hakikuja kitu. Nikasubiri upumue. Unajua mimi nikiogopa huwa nahesabu, ni tabia ya tangu stendi. Nikahesabu. Nilipita thelathini, halafu hesabu ikanipotea. Mimi, Dada Ruthu, hesabu haijawahi kunipotea, hata siku niliyofiwa na mama nilijua wamekuja watu wangapi.

Halafu ikarudi. Unajua huku kwetu Area D maji yakikatika siku mbili, yanavyorudi? Bomba linatetemeka ukutani, linakohoa hewa tupu, mtu asiyejua anadhani linapasuka, ndipo maji yanakuja. Pumzi yako ilirudi hivyo. Mwili wote uliruka. Ukakoroma kidogo, nikamshukuru Mungu kwa ule mkoromo. Halafu ikakatika tena.

Mara ya tatu nilishuka kitandani kwangu nikaja nikakuwekea kiganja mgongoni. Sikukusukuma. Nilikigusisha tu, kama unavyopima chuma cha pasi kama kimepoa. Pumzi ikaja palepale. Nikadhani bahati. Ikakatika, nikagusa, ikaja.

Nimeshika vitu vingi kwa mkono huu. Nimezalisha jirani yangu kwenye bajaji, taa za barabarani zikiwa ndiyo taa zetu. Sijawahi kushika kitu kama kile. Mama mzima, sauti ya kuamrisha wapagazi, amelala hana habari, na pumzi yake inaondoka na kurudi chini ya vidole vyangu. Nilijiona kama nimefunguliwa chumba ambacho mtu haruhusiwi kuingia, naona kazi inavyofanyika. Huko nje kuna watu wa mnada wamelala chini ya maturubai, mhudumu amelala kwenye kiti chake, wote wanapumua bila kuambiwa na mtu. Nikajiuliza ni nani anayewahesabia wote hao, tena bila kukosea, na mimi mmoja tu umenishinda. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chako mpaka kukapambazuka. Jumanne nikafanya hivyohivyo. Ndiyo maana sita ilikuwa tano.

Sasa ulitaka nikuambieje asubuhi? Nikuketishe nikuambie, dada, usiku unakufa? Kwetu na kwenu pia huo ni uchuro. Ukimtamkia mtu mzima mwenye afya neno hilo, likija likimpata utaambiwa wewe ndiye uliyeliita. Binadamu mmoja tu anaruhusiwa kulitamka, naye ni mtani. Nikaona mlango ni huo, nikapita. Nililala kwenye benchi lile nikakuonyesha hasa ulivyofanya, na jinsi ulivyonyamaza, na macho. Nilikuwa nakuonyesha, Dada Ruthu. Ukacheka ukanidai sanda. Nikajua nimekwisha. Njia pekee niliyokuwa nayo ya kukwambia ndiyo hiyo hiyo iliyokufanya usisadiki.

Halafu ukaniandikia habari za mkono wa Nathanaeli, umeupitisha tu kama kichekesho. Nilipofika hapo nilisimama. Nikatoka uani, nikarudi, nikasoma tena. Hakuwa mtu wa wasiwasi. Alikuwa anakurudisha. Hebu fikiri. Mimi nilifanya siku mbili nikashindwa kuzidisha kwa sita. Yeye alifanya miaka kumi na tisa, na kila asubuhi akaenda kuziba pancha, na ulipomuuliza akakujibu kweli tupu, kwamba alikuwa anaangalia kama upo.

Nimekaa na jambo hilo tangu jana na bado halijakaa vizuri kifuani. Kumbe kuna watu wanafanya mambo makubwa namna hiyo, wakiwa wamelala nusu, na jina lake ni kero.

Nimezungumza na Amina, jirani yangu muuguzi, sikumtajia jina lako. Hakushangaa. Anasema ni ugonjwa unaojulikana, pumzi inakatika usingizini, mwili unashtuka kuitafuta, mtu anaamka mara nyingi bila kujua kwamba ameamka, na ndiyo maana mchana kichwa ni kizito na anasinzia popote alipo. Anasema unapimwa na una tiba, si uchawi wala si umri. Halafu akaniuliza, "Huyo mama anaendesha gari?"

Dada, soma tena ulichoniandikia kuhusu Mbande. Umeandika kwa mkono wako, "nikaamka, nikairudisha barabarani." Anayeamka alikuwa amelala. Uliamka barabara kuu, kwenye malori ya Dar.

Usiendeshe mpaka upimwe. Njoo kwangu. Ni hilo tu.

Devota


Kongwa
Jumatano, 10 Julai 2024

Devota,

Tangu jana duka sijafungua. Watu wamegonga, nimewaambia naumwa jino.

Kuna jambo sijakuambia, wala sijamwambia mtu yeyote wa biashara, maana ni aibu ya nyumbani. Wewe unajua nilihamia Kongwa baada ya msiba, hujui kwa nini.

Nathanaeli alipokuwa hospitali, siku za mwisho, mimi nilikuwa nimetoka kumfulia mashuka. Ndani alikuwepo mama yake na kaka yake, Mazengo. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. Akawaambia, "Ruthu asilale peke yake." Mama mkwe akamwambia sawa mwanangu. Hakusema jambo jingine, na nilipofika alikuwa haongei.

Tulipomaliza matanga ukoo ukakaa. Nikaitwa. Nikaambiwa marehemu ameacha neno, na neno la marehemu halivunjwi. Kwamba nirithiwe na Mazengo. Ruthu asilale peke yake, wakaniuliza, wewe unaielewa vinginevyo? Sikuwa na namna nyingine ya kuielewa. Mazengo mwenyewe, masikini, ana mke na hakuwa na haja na mimi, alinifuata nje ameshika kofia akasema, "Shemeji, mimi natekeleza tu." Nikawajibu maneno ambayo mwanamke hawajibu wakwe zake. Nikapakia nguo kwenye kirikuu usiku uleule.

Lakini Devota, sikuwachukia wao. Nilimchukia yeye. Miaka kumi na tisa, halafu pumzi za mwisho anazitumia kunigawa kwa kaka yake kama mbuzi. Kaburi lake sijalikanyaga tangu siku ile ya kuzika. Watu wanadhani ni uchungu. Ilikuwa hasira.

Jana nimesoma barua yako mpaka ulipofika kwenye mkono. Nikayasikia yale maneno upya, safari hii kwa sauti yake, si kwa sauti ya ukoo. Ni manne tu. Hakunigawa. Alikuwa anatafuta mtu wa kumpokea zamu.

Nimekaa sakafuni.

Nimejiuliza kwa nini hakuniambia mimi mwenyewe, miaka yote ile. Jibu nadhani ni lako. Ni uchuro, na mume hana mlango wa utani wa kupitia. Akaona afadhali afanye tu. Na walipomuuliza kwa macho anataka nini, akasema kitu chenyewe kama kilivyo, bila kuongeza wala kupunguza, alivyokuwa anasema kila kitu. Sisi wote tukasikia kingine.

Jana nililala na simu nimeiwasha irekodi, nimeiweka kwenye kigoda karibu na kichwa. Asubuhi nikasikiliza. Ile sauti si ya mtu ninayemjua. Ikafika mahali ikakatika, nikasubiri, na wakati nasubiri nikagundua kwamba na mimi nimezuia pumzi pale nilipokaa, namsubiri yule mwanamke. Nimesikia mahali ambapo mimi sipo. Sikuweza kumaliza. Nimefuta, halafu nikajuta kufuta.

Kwa hiyo nakusadiki. Nakuomba radhi kwa kukufungia simu, nimeshaifungua, ila kuongea siwezi, nikisikia sauti ya mtu nalia.

Lakini Kondoa nitakwenda Jumamosi. Mwanahawa nimempa neno, na tumeshapoteza Kibakwe. Nitaendesha taratibu, nitatafuna ubuyu njiani, nikisikia uzito nitasimama. Hospitali najua wataniambia nini, wataninyima usukani. Kirikuu ndiyo miguu yangu. Bila gari mimi ni mjane mwenye duka la chumvi na kiberiti, na wale wa ukoo watasema, si tulimwambia. Tukirudi Kondoa tutaona. Usinisukume sana, Devota. Nimepata mengi kwa siku moja.

Ruthu


Area D, Dodoma
Alhamisi, 11 Julai 2024, asubuhi

Dada Ruthu,

Habari ya Nathanaeli nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya kioski cha maji, nikatoka kwenye foleni. Nimeiacha nafasi yangu na ndoo zangu. Mtu anayekaribia kwenda huaga, huusia mali, huombea watoto. Huyu alikumbuka kwamba usiku utaingia na wewe utalala. Sasa niendelee na lililo mezani.

Lililo mezani ni kwamba "tutaona" si jibu.

Kutoka dukani kwako mpaka Kondoa, kupitia Mbande na hapa mjini, ni kilomita zinazokaribia mia mbili na hamsini. Ubuyu hautakufikisha. Unasema ukisikia uzito utasimama. Pale Mbande uliusikia? Huusikii, dada. Umesikiliza ile simu mwenyewe. Yule mwanamke hakujua kwamba amekatika, na ndiye huyohuyo unayetaka kumpa usukani. Kitandani nilikuwepo mimi, na kabla yangu alikuwepo yeye. Kwenye kirikuu kiti cha pembeni utaweka nini, mizani?

Mwanahawa nimempigia. Alizeti iko stoo kwake, imefungwa, kwa kufuli lake, na anasema hata Jumatano ijayo itakuwepo. Amesema pia nikupe salamu na kwamba hakuna alizeti inayomlilia mtu msibani. Kwa hiyo neno ulilompa halijavunjika, limesogea. Jumatano hiyo Ernest atakwenda na gari, mimi nitakaa naye mbele kulinda debe na gunia, na kirikuu itarudi kwenye uwanja wako ikiwa na jina lako kwenye kadi kama ilivyo leo.

Kuhusu kunyimwa usukani, nimemuuliza Amina wazi. Anasema wapo wanaotibiwa wakaendesha tena, na wapo wanaolala na kimashine cha kuwapulizia pumzi usiku kucha. Hawezi kuniahidi kwa mtu ambaye hajapimwa, na mimi siwezi kukuahidi zaidi yake. Hutaambiwa uongo ili upande gari. Lakini huko ndiko kuna njia ya kurudi kwenye kiti cha dereva. Huku unakokwenda wewe Jumamosi hakuna.

Nawe unaogopa ukoo watasema walikwambia. Hawakukwambia. Walikosea, na sasa unajua walikosea nini hasa, unaweza kwenda kuwasahihisha ukiwa umekaa kwenye kiti chao, siku utakayotaka. Mazengo nadhani atafurahi kuliko wote. Lakini ili ukamsahihishe mtu inabidi uwe hai.

Mimi si Nathanaeli. Nina siku mbili tu za kazi ile na nimeona sina kifua chake. Naweza kuifanya usiku wa kesho, na wa keshokutwa, na wiki nzima ikibidi, kwenye kitanda changu hapa, lakini miaka kumi na tisa siiwezi na sitajifanya naiweza. Ndiyo maana nataka wenye vifaa.

Mpango ni huu. Kosta ya kwanza kutoka Kongwa kesho Ijumaa inaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Denis ameshakuwekea kiti cha nyuma ya dereva, ushike begi tu. Nitakuwa stendi. Saa tatu Amina anatupokea hospitali na atatuonyesha pa kuanzia. Na usiku wa leo, kabla hujaja, usifunge komeo. Mwite yule binti wa jirani yako, Munira, anayekusaidia kupanga duka, alale chumbani kwako. Usimwambie lolote la kumtisha. Mwonyeshe tu pa kuweka kiganja.

Barua hii itakufikia saa saba mchana. Denis anageuza gari saa kumi kamili jioni, na nimemwambia atapita dukani kwako kwanza na hataondoka mlangoni bila karatasi yako. Simu usipige, kwenye simu utanilegeza. Andika. Sitaki habari za jua, wala za Mwanahawa, wala tutaona.

Kesho alfajiri utapanda kosta uje, au Jumamosi utaondoka umeshika usukani? Niandikie moja kati ya hayo mawili, kwa mwandiko wako, kabla ya saa kumi leo.

Devota